Komoro ni visiwa vitatu au vinne? Jibu kwa mama na binti yake wa kidato cha pili

*"Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Wamepewa kazi ya kuandika kurasa mbili juu ya nchi moja jirani: historia yake kwa ufupi, jiografia na watu wake. Amechagua Komoro kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija wa Malindi, Unguja. Sasa tumekwama. Tumesoma kwamba visiwa ni vitatu, kwingine vinne. Ukubwa wa nchi tumekuta kilomita za mraba 1,861, kwingine 2,235, kwingine tena 1,659. Watu ni 758,000 au zaidi ya 850,000? Halafu nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba watu wa Mayotte waliiuza nchi yao kwa Mfaransa, na kwamba Kingazija ni Kiswahili tu kilichopindapinda. Sitaki mtoto aandike uongo juu ya kwao bibi yake. Tuandike nini? Na je, naweza kupata karatasi zozote za huyo bibi?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote nikutoe wasiwasi: hizo takwimu hazikupikwa. Kila moja imepima kitu cha kweli, ila hazikupima kitu kimoja. Komoro ni nchi ambayo mpaka wake unabishaniwa mpaka leo, na aliyeandika takwimu lazima aamue kama kisiwa cha nne kimo au hakimo. Wengi huamua kimya kimya bila kumwambia msomaji, na hapo ndipo mlipokwamia.

Mwambie binti achukue 2,235 atoe 1,861. Atapata 374. Hizo kilomita za mraba 374 ndizo ukubwa wa Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Kwa hiyo 1,861 ni visiwa vitatu vinavyotawalwa kutoka Moroni, na 2,235 ni vinne, kama katiba ya Komoro inavyohesabu. Hiyo 1,659 haihusiani na Maore hata kidogo. Inatoka kwenye majedwali yanayokipa kisiwa cha Ngazija kilomita za mraba 1,025 na kisiwa cha Mwali 211, wakati majedwali mengine yanaipa Ngazija karibu 1,148 na Mwali 290. Nzwani, kisiwa cha tatu, ni 424 kote. Mimi ningetumia 1,861 na 2,235, maana ndizo zinazolingana na hesabu za Umoja wa Mataifa.

Majina nayo yanachanganya. Kila kisiwa kina jina la wenyeji na jina la Wafaransa, na mtoto asiyejua anaweza kudhani visiwa ni vinane. Ngazija ndiyo Grande Comore, kisiwa kikubwa kuliko vyote na chenye mji mkuu, Moroni. Nzwani ndiyo Anjouan, Mwali ndiyo Mohéli, Maore ndiyo Mayotte. Achague majina ya wenyeji, aweke ya Kifaransa mara moja tu mwanzoni, kisha ayaache. Jina la nchi yenyewe linatokana na Kiarabu, *qamar*, mwezi.

Sasa watu. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316: Ngazija 379,367, Nzwani 327,382, Mwali 51,567. Sensa ya kabla yake, ya 2003, ilikuwa imepata 575,660, yaani watu wanaongezeka kwa karibu asilimia mbili kwa mwaka. Ile 850,000 mliyoiona ni makadirio ya Umoja wa Mataifa ya miaka ya karibuni, wala haipingani na sensa. Sensa ni hesabu ya siku moja iliyopita, makadirio yanajaribu kusema leo tuko wapi. Binti aandike zote mbili, kila moja na mwaka wake. Maore haimo katika hesabu hizi, kwa sababu sensa yake hufanywa na Ufaransa, ambayo mwaka huohuo wa 2017 ilihesabu watu 256,518. Ukivijumlisha visiwa vyote vinne kwa mwaka huo unapita milioni moja kidogo.

Hapa pana mtego ambao hata watu wazima huuingia. Mtu huchukua watu wa visiwa vitatu, akawagawanya kwa eneo la visiwa vinne, akapata watu 339 kwa kilomita ya mraba. Hiyo ni hesabu ya nchi isiyokuwepo. Watu 758,316 kwa kilomita za mraba 1,861 ni watu 407. Na hata hiyo 407 inaficha mengi: Mwali ni watu kama 178 kwa kilomita ya mraba, Ngazija kama 330, na Nzwani, kisiwa cha milima mikali, ni zaidi ya 770. Kama ana nafasi ya takwimu moja tu ya msongamano, naomba aiweke ya Nzwani. Inaeleza mambo mengi yanayofuata.

Ili uelewe kwa nini watu wamebanana hivyo, angalia jinsi visiwa vilivyozaliwa. Vyote vinne ni vya volkano, vimetoka chini ya bahari upande wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska, lakini havilingani umri. Maore ndiyo kongwe: milima yake imelika ikawa mifupi, na imezungukwa na eneo pana la maji tulivu ya bahari ndani ya ukuta wa matumbawe. Ngazija ndiyo changa kuliko zote, na mlima wake Karthala, wenye mita 2,361, bado ni volkano hai. Mwali na Nzwani ziko katikati.

Umri huo ndio unaoamua nani ana maji. Ngazija hupata mvua nyingi, lakini haina hata mto mmoja wa kudumu. Miamba yake ya lava bado ni michanga, imejaa nyufa na matundu, haijaoza ikawa udongo wa kuzuia maji. Mvua ikinyesha inapita moja kwa moja mpaka chini, inatokea pwani imechanganyika na maji ya chumvi. Ndiyo maana watu wa vijijini wamejenga matangi ya kuvuna mvua kwenye nyumba zao tangu zamani, na ndiyo maana Karthala ilipolipuka mwaka 2005, kilichowaumiza watu zaidi hakikuwa moto bali majivu yaliyoingia kwenye matangi na kuharibu maji ya kunywa. Nzwani ni kinyume chake: miamba imezeeka, udongo upo, mito ilikuwepo mingi. Lakini udongo mzuri uliwavuta watu, watu wakapanda kulima mpaka kwenye miteremko, misitu ikakatwa, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hutiririka wakati wa mvua tu. Kijana wa Nzwani asiye na shamba wala maji anautazama upeo wa bahari anaiona Maore, kilomita kama 70. Jiografia na siasa zinakutana hapo.

Turudi nyuma kwenye historia. Si kweli kwamba visiwa vilikuwa vitupu mpaka Waarabu walipofika, kama vitabu vingine vya zamani vinavyodokeza. Watu walikuwepo tangu karne ya nane hivi. Wanaakiolojia wamechimba Sima, Nzwani, wakakuta mabaki ya mpunga na choroko, mazao ya Asia, katika tabaka za karne za mwanzo kabisa za makazi. Walikuwepo wasemaji wa Kibantu kutoka mwambao wa Afrika, na walikuwepo mabaharia kutoka upande wa Indonesia, jamaa wa hao walioifikia Madagaska. Uislamu ulikuja na biashara, ukakaa, na leo karibu kila Mkomoro ni Muislamu wa Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama Unguja na Lamu. Baadaye zikazuka falme ndogondogo, Ngazija ikiwa na masultani wengi kwa wakati mmoja wakigombana wao kwa wao. Binti asizame humo. Aandike kwamba hapakuwa na dola moja ya visiwa vinne kabla ya ukoloni, kisha asonge mbele.

Sasa lile la "waliiuza nchi yao". Ni kweli palikuwa na uuzaji, lakini aliyeuza hakuwa mtu wa Maore. Alikuwa Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyekimbia vita Madagaska, akapata mamlaka Maore, na tarehe 25 Aprili 1841 akaikabidhi kwa Ufaransa kwa malipo ya kila mwaka. Watu wa kisiwa hawakuulizwa. Visiwa vingine vitatu viliingia chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886, miaka 45 baadaye. Miaka hiyo 45 ina uzito wake. Maore ilizoea kuwa makao ya utawala, na mji wake wa Dzaoudzi ukawa makao makuu ya visiwa vyote. Kisha mwaka 1958 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Moroni, na ofisi, mishahara na biashara vikahama katika miaka iliyofuata. Waliobaki Maore waliona wamenyang'anywa. Wanawake ndio waliowaka zaidi, wakiongozwa na watu kama Zéna M'Déré. Walikuwa wakiwazunguka viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka wanapanda chombo kurudi walikotoka. Ukisikia habari hiyo unaweza kudhani ni mchezo, lakini ilikuwa siasa ya kweli, ya watu walioogopa kutawaliwa na jirani mkubwa kuliko walivyomwogopa mkoloni wa mbali.

Tarehe 22 Desemba 1974 ikapigwa kura ya maoni juu ya uhuru. Kwa visiwa vyote, zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Kwa Maore peke yake, karibu asilimia 64 walikataa. Zingatia kwamba zaidi ya theluthi moja ya wapigakura wa Maore waliukubali uhuru, kwa hiyo "watu wa Mayotte" hawakuwa na kauli moja. Swali likawa: kura ihesabiwe pamoja au kisiwa kwa kisiwa? Moroni ilisema koloni lilikuwa moja, kwa hiyo nchi ni moja. Bunge la Ufaransa likaamua kila kisiwa kihesabiwe peke yake. Ahmed Abdallah, aliyeongoza serikali ya ndani ya visiwa, hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro, na azimio likavitaja visiwa vyote vinne kwa majina. Ufaransa ikaendelea na lake: Februari 1976 ikatumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama, na siku chache baadaye ikaitisha kura nyingine Maore, ambapo zaidi ya asilimia 99 walichagua kubaki nayo. Baraza Kuu likaulaani utaratibu huo Oktoba 1976. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa.

Utaniuliza nani ana haki. Kwa sheria ya kimataifa hoja ya Komoro ina nguvu: mipaka ya koloni haikatwi vipande siku ya uhuru, na nchi za Afrika zenyewe zilikubaliana hivyo Cairo mwaka 1964. Msimamo wa Umoja wa Afrika ni huo mpaka leo, na mimi naukubali. Lakini sitamficha binti yako kwamba walio wengi Maore wamepiga kura mara kadhaa kubaki na Ufaransa, na kwamba nusu karne ya shule, hospitali na mishahara ya Ulaya ina uzito kwenye sanduku la kura. Aandike yote mawili. Mwalimu wake akiwa mwadilifu atampa alama zaidi kwa hilo kuliko kwa kuchagua upande na kuufunika mwingine.

Matokeo yake yanauma. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda Maore, mahali ambapo ndugu walikuwa wakitembeleana kwa chombo bila kuulizwa. Watu wa Nzwani huvuka usiku kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na maelfu wanaaminika kufa baharini. Karibu nusu ya wakazi wa Maore waliohesabiwa 2017 walikuwa raia wa kigeni, na idadi kubwa kabisa kati yao ni Wakomoro. Fikiria hilo neno, *mgeni*, anaitwa mtu aliyevuka kilomita 70 kwenda kwa shangazi yake.

Visiwa vitatu vilivyobaki havikutulia. Abdallah alipinduliwa ndani ya mwezi mmoja tu wa uhuru. Ali Soilih, aliyeshika urais Januari 1976, aliijaribu siasa ya ujamaa wa vijana, akapinduliwa Mei 1978 na mamluki Mfaransa Bob Denard, akauawa mwezi huohuo. Abdallah akarudi, naye akauawa 1989. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zikatangaza kujitenga. Mapatano ya Fomboni ya 2001 ndiyo yaliyozaa Muungano wa Komoro, wenye urais wa zamu kati ya visiwa. Bendera ya sasa ilitokana na hayo, na ni jibu la swali lako kwa picha: nyota nne na mistari minne, njano kwa Mwali, nyeupe kwa Maore, nyekundu kwa Nzwani, buluu kwa Ngazija. Binti aichore. Na asisahau Machi 2008, kwa sababu nchi yake imo: wanajeshi wa Tanzania walikwenda pamoja na wa Sudan chini ya Umoja wa Afrika, wakashirikiana na jeshi la Komoro kumng'oa Mohamed Bacar aliyekuwa ameng'ang'ania madaraka Nzwani.

Lugha, sasa. Kingazija si Kiswahili kilichopindapinda, na mtu asikuvunje moyo kwa kauli hiyo. Wenyewe huiita Shikomori, na kila kisiwa kina lahaja yake: Shingazija, Shinzwani, Shimwali, Shimaore. Ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili kwa mama mmoja, kama walivyo Kimijikenda na Kipokomo. Sauti ziligeuka kila moja kwa njia yake: sisi tunasema *nchi*, wao *ntsi*; sisi *-tatu*, wao *-raru*; sisi *watu*, wao *wandru*. Mzungumzaji wa Unguja akitua Moroni atadaka neno hapa na pale na kukosa sentensi. Kilichowapotosha watu ni kwamba zamani masultani wa Komoro waliandikiana barua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na kwamba Wangazija wa Unguja na Mombasa walikisema Kiswahili vizuri mno. Tazama neno nililokuanzia nalo. Kwetu *marahaba* hujibu shikamoo. Kwao *marahaba* ni asante.

Wangazija wa nje nao ni sehemu ya idadi ya watu, ingawa sensa haiwaoni. Marseille ina jamii kubwa sana ya Wakomoro, na fedha wanazotuma nyumbani zinajenga misikiti na barabara na kugharimia harusi kubwa za *anda*, nazo zinazidi hata mauzo ya vanila, karafuu na langilangi. Mahajanga, Madagaska, walikuwa wengi mpaka Desemba 1976, walipouawa watu wasiopungua elfu moja na maelfu ya waliosalia wakarudishwa Komoro. Waliosafirishwa kwa ndege za Ubelgiji za Sabena wakabandikwa jina la Wasabena. Na Unguja ilikuwa shule yao: Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi Zanzibar na mwanachuoni aliyefuatwa mwambao mzima. Hata harakati za uhuru wa Komoro, chama cha MOLINACO, zilianzia Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hilo binti anaweza kulifungulia insha yake.

Karatasi za bibi ni jambo jingine, na hapo maandishi yangu hayatoshi. Nenda mwenyewe Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, ukiwa na jina kamili la bibi, jina la baba yake na mwaka wa kukisia wa kuzaliwa. Wangazija wa Unguja wakati wa Mwingereza walihesabiwa watu wa himaya ya Ufaransa, kwa hiyo majina yao huweza kuwa kwenye majalada tofauti na ya majirani zao, na baada ya Mapinduzi ya 1964 suala la uraia wao likawa gumu. Omba msaada wa mtumishi wa nyaraka, usipekue peke yako. Ukitaka kwenda mbele zaidi, ubalozi wa Komoro upo Dar es Salaam. Ila nisikilize vizuri hapa: kama mtu atakushawishi uombe uraia wa Komoro, usitie saini chochote kabla ya kuonana na mwanasheria au Uhamiaji ana kwa ana. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake anaweza kuupoteza huu alio nao.

Na kabla ya ofisi yoyote, kaa na wanawake wazee wa ukoo wenu uwaulize mambo mawili: bibi alitoka mji gani wa Ngazija, na *inya* yake ilikuwa ipi. Inya ni ukoo wa upande wa mama. Ngazija nyumba na mashamba ya *manyahuli* hurithiwa kwa wanawake, mama kwa binti, na mtu huhesabiwa wa inya ya mama yake. Wewe umesema ni bibi mzaa mama. Kutoka kwake kuja kwa mama yako, kwako, mpaka kwa huyo binti wa kidato cha pili, mnyororo haujakatika hata pingili moja. Kwa hesabu ya Ngazija, mtoto huyo anaandika juu ya kwao.